Deni la Karamu ya Kamenge

Mwaka ule wa 2001, ili upewe karatasi ya umaskini mjini Bujumbura ilibidi kwanza uonekane maskini, na hapo ndipo Sikuzani aliposhindwa. Mdogo wake Shaabani, fundi wa magari ambaye gereji yake yote ilikuwa kivuli cha ukuta wa jirani, alifika asubuhi kumkagua kabla hajaenda kwa chefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Alimkuta dada yake amevaa kitenge cha kijani kilichopigwa pasi, kilemba kimesimama kichwani, na wanja machoni.

"Dada, we unaenda kwa harusi ao unaenda kuomba?"

"Ninaenda kwa chefu."

"Na ile wanja? Chefu akiona ile wanja ataandika nini? Vua iyo kitenge, vaa ile nguo ya kupikia."

"Ile nguo ya kupikia ni ya kupikia," Sikuzani akajibu, akatoka vilevile alivyo.

Chefu wa kartie alimtazama, akakitazama kilemba, akauliza mara mbili kama karatasi hiyo ni yake mwenyewe au ametumwa na mtu. Mwishowe aliandika, akapiga muhuri: Sikuzani, mjane, mkazi wa Buyenzi, hana kitu. Basi mama wa watu akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akarudi nyumbani anapita vichochoroni kama aliyeiba kuku. Umri wake ulikuwa umepita hamsini na serikali haikuwahi kuandika habari zake hata siku moja, na ilipoandika, ikaandika hayo.

Nacheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Karatasi ile ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kuiokoa nyumba yake.

Kabla ya vita, ukitaja jina la Sikuzani pale Buyenzi, watu walisikia harufu ya pilau. Alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, maulidi, hitima, kumtoa mtoto nje, yote yalipitia mikononi mwake. Alikuwa na masufuria ambayo kubwa lake lilibebwa na wanaume wawili kwa mti, alikuwa na sahani za kulisha mtaa mzima, na viti vya kukunja alivyovikodisha pamoja na chakula, vyote vimepakwa alama ya rangi ya buluu chini ili visipotee. Alikuwa mkali pia, tena si kidogo. Mwenye shughuli akichungulia jikoni kuuliza kama nyama itatosha, Sikuzani alimnyooshea mwiko na kumwambia aende akakae na wageni wake. Watu walimvumilia kwa sababu nyama ilitosha kila mara.

Mapema mwaka 1993 mambo yalikuwa yakimwendea vizuri, akataka yaende vizuri zaidi. Alikopa faranga laki tatu kwenye koperative ya akiba ya mafundi na wachuuzi, akaongeza viti na sahani. Rehani ilikuwa nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, vyumba vitatu na ua, alimokaa na binti yake na wajukuu watatu. Karatasi ya parseli, yaani hati ya kiwanja, ikaingia katika sanduku la koperative. Hakuona hatari yoyote, maana watu wangeacha lini kuoana?

Mwezi wa kumi mwaka huohuo, Hajji Maulidi, mfanyabiashara wa sabuni na samaki wakavu kule Kamenge, alimwoza binti yake Soumaya. Sikuzani alipika siku mbili mfululizo. Karamu ile ilisemwa mji mzima. Watu walikula wakafungashiwa, na waliofungashiwa wakarudi kula tena. Siku ya pili yake Hajji alimwambia, "Mama, masufuria na viti viache hapa uani. Alhamisi lete lori, uchukue vyombo na pesa yako kwa mara moja."

Alhamisi ile kila Mrundi anaijua. Kulikucha redio imenyamaza. Rais alikuwa ameuawa, na nchi nzima ikaporomokea katika shimo lilelile. Zilipita wiki kadhaa kabla mtu wa Buyenzi hajathubutu kwenda Kamenge. Sikuzani alipofika alikuta geti liko wazi, mafiga yake yako palepale na majivu katikati, na uani hakuna sufuria, hakuna sahani, hakuna hata mguu wa kiti. Hajji na watu wake walikuwa wamevuka kwenda Kigoma, kila mtu na nguo aliyovaa.

Tangu hapo Sikuzani aliuza sambusa na chai mlangoni kwake. Harusi zilikuwapo, ila zilifungwa mchana haraka haraka, watu kumi na soda kumi, kila mmoja anaangalia saa ya kufunga barabara. Nani angeita mpishi? Deni la koperative nalo halikujua kwamba kuna vita. Riba ilipanda juu ya riba, faini juu ya faini, mpaka laki tatu zikawa laki saba na nusu.

Mwaka huo wa 2001, mwezi wa pili, simu ikaja kutoka Kigoma kwamba Hajji Maulidi amefariki. Ndugu yake aliyebaki Buyenzi akaweka matanga. Baada ya dua, imamu alisimama, akasema kama inavyosemwa siku zote: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa jamaa zake alipwe, au kama moyo wake unaridhia, amsamehe.

Pale upande wa wanawake macho yote yalimgeukia Sikuzani. Nani asiyejua habari ya karamu ya Kamenge? Shemeji yake Hajji alikuwa akilia kimyakimya kwenye mkeka, na ile nyumba ya matanga yenyewe ilikuwa na sukari ya kuazima. Sikuzani akasimama, akaweka kilemba sawa.

"Mi nilikuwa namudai," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume. "Na nimemusamehe, dunia na akhera."

Wote wakasema amin. Akarudi nyumbani anatembea juu juu, anajiona mtu mwema, na wema ule ulidumu karibu urefu wa mtaa mmoja. Halafu akakumbuka kwamba pesa ile hakuwa na tumaini la kuiona hata kidogo, na kwamba kusamehe namna hiyo hakumpunguzii mtu kitu mfukoni. Lakini maneno yalikwisha kutoka, tena mbele ya watu.

Miezi miwili baadaye koperative ikabandika tangazo mlangoni. Waliokuwa na madeni ya tangu kabla ya vita walipe, la sivyo rehani zao zitauzwa kwa mnada. Ila mwanachama aliyeporwa mali yake na ambaye sasa hana uwezo wowote, anaweza kuomba remise, yaani afutiwe deni lote. Ataleta karatasi ya umaskini kutoka kwa chefu wa kartie, na ataapa mbele ya komite kwamba hana kitu. Komite itakaa kila Jumatano.

Basi ndiyo hiyo karatasi aliyoifuata Ijumaa ile na wanja machoni. Jumatano iliyofuata ndiyo ilikuwa zamu yake. Wakimkubalia, nyumba ni yake tena. Wakimkatalia, kabla mwezi haujaisha yeye na binti yake na wale watoto watakuwa barabarani, katika mji ambao watu waliokimbia vita huko milimani walikwisha kujaza kila chumba na kila kibaraza.

Jumamosi alasiri alikuwa akikaanga sambusa, akaja mwanamke mmoja amejitanda buibui, mkononi ana ndoo ya dagaa yenye kifuniko.

"Mama Sikuzani, unanitambua?"

Sikuzani alimtazama kwa muda, mwiko mkononi. "We ni Soumaya wa Hajji. Nitakosaje kukutambua, na mi ndiye nilikupikia?"

Walikumbatiana, wakaulizana habari za wafu na walio hai, na orodha ya wafu ikawa ndefu. Soumaya alikuwa ametoka Kigoma na boti ya mizigo, akapita bandarini na kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, askari wanapopekua kila mfuko. Alipoingizwa ndani na mlango ukafungwa, alikunja mikono ya nguo, akazamisha mkono ndani ya ndoo, akachimba mpaka chini. Akatoa kifurushi cha plastiki, akakiweka juu ya kitanda. Chumba kizima kikanuka dagaa.

"Ni laki nne," akasema. "Ya ile karamu yangu. Na masufuria na viti."

Sikuzani akaketi kando ya kifurushi. "Laki nne? Mbona Hajji hakuwa na deni yangu kubwa ivyo?"

"Baba alisema ile faranga ya wakati ule ilikwisha kufa. Akasema, mupime kwa bei ya mchele. Karamu ilikula mifuko mingapi, mutafute mifuko ile leo ni pesa ngapi, ndiyo mumupe. Tuliuza kibanda cha sokoni."

Nataka uelewe hali ya huyu mama wakati ule. Mbele yake kulikuwa na pesa nyingi kuliko alizozishika katika miaka minane yote, na mkono ulimwasha. Lakini kuna maneno aliyoyasema mbele ya imamu na nusu ya Buyenzi.

"Chukua, urudishe," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Mi nilishamusamehe. Kwenye matanga, mbele ya watu. Dunia na akhera."

Alidhani Soumaya atalia kwa shukrani. Badala yake uso wa yule mwanamke ulibadilika.

"Nani alikuomba umusamehe?"

"Imamu alisema..."

"Baba hakutaka kusamehewa! Alitaka kulipa!" Soumaya alisimama. "Miaka saba, mama. Kila Idi, tukiweka sahani ya pilau mbele yake, anasema: ya Sikuzani bado. Chakula kinamushinda. Pale kitandani alinishika mukono, akaniambia: musiende kusimama mbele ya watu kuomba wanisamehe, watasema ndiyo kwa haya tu. Muwalipe. Sasa we unataka nirudi Kigoma nimwambie mama yangu nini?"

Maneno yale yalimchoma Sikuzani, kwa kuwa Hajji, akiwa ng'ambo ya ziwa na akifa, alikuwa amemwona wazi kabisa. Watasema ndiyo kwa haya tu. Na ndivyo alivyosema ndiyo.

Walisukumiana kifurushi kile mpaka sambusa zikaungua. Mwisho Soumaya akashusha pumzi, akaketi tena, akasema kwa upole: "Basi msamaha wako nimeupokea, nitaufikisha kwa mama. Na hii nayo ipokee. Kama si deni tena, iwe zawadi. Lakini mi siwezi kuipandisha boti mara ya pili."

Sikuzani akaipokea. Soumaya akala sambusa zile zilizoungua, akazisifia, akaondoka ili asikutwe na giza njiani.

Shaabani hakuhitaji kuambiwa habari. Alipiga hodi jioni ile, akavuta hewa mara moja, akauliza nani ameleta dagaa. Alipoonyeshwa kilichokuwa chini ya dagaa, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Dada, Mungu amekuona! Sasa sikiliza. Jumatano unaenda na karatasi yako, wanakufutia deni yote. Hii pesa tunapita nayo Gatumba mpakani, tunaleta vitenge vya Uvira, kule Kongo, mwisho wa mwaka una masufuria yako tena."

"Na kuapa je?"

"Utaapa nini? Karatasi iliandikwa Ijumaa. Ijumaa ulikuwa na kitu?"

"Sikuwa na kitu."

"Sasa uwongo uko wapi?"

Shaabani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika rafiki zake wengi, na alikwisha kuamua kwamba katika nchi kama ile, anayepata kitu akifunike. Dada yake naye asingekuwa na sababu ya kumkatalia. Akinyamaza, atabaki na nyumba na pesa juu yake. Akisema, remise imekwenda, maana ni ya wasio na kitu. Na laki nne hazimalizi laki saba na nusu, kwa hiyo atatoa pesa na nyumba itauzwa vilevile. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejua njia ya kufuata.

Nisimpambe kwa sifa zisizo zake: alitamani sana kunyamaza. Jumapili aliamka ameamua kunyamaza, na Jumatatu pia. Jumanne alipokuwa akiwatazama wajukuu wake wamelala chali kwenye mkeka, mdomo wazi, aliapa kwamba hatasema neno. Lakini kila akifika hapo alimwona Soumaya amezamisha mkono ndani ya ndoo. Mtu aliyeuza kibanda chake, akavuka ziwa wakati wa vita, akapita katikati ya bunduki ili alipe chakula kilicholiwa na kusahauliwa, deni ambalo hakuna mahakama wala askari angemdai. Akaona haya. Aliona haya mbele ya mtu ambaye boti yake ilikwisha kuondoka.

Jumatano alivaa kitenge kilekile cha kijani.

Ofisi ya koperative ilikuwa chumba kimoja, na nje ya mlango kulikuwa na benchi. Hapo alimkuta mzee mmoja, Télesphore, seremala aliyenyang'anywa vifaa vyake vyote kule Kinama. Mzee naye alikuwa na karatasi yake ya umaskini, ameishika kwa mikono miwili isije ikakunjamana. Hawakuzungumza sana. Alimwambia tu kwamba yeye ni wa pili, baada ya mama.

Ndani walikuwapo watatu. Prezida wa komite alikuwa Ildephonse, karani mstaafu wa serikali, mtu mpole anayeshuka kwa miguu kutoka Gihosha kila Jumatano kwa kuwa nauli imepanda. Kando yake Scholastique, muuza mawese wa soko kuu, na mwishoni mwalimu mmoja kijana, Astère, aliyekuwa akiandika.

Ildephonse akaisoma karatasi, akamtazama yule mama kuanzia kilemba mpaka viatu, akakohoa kidogo.

"Madamu, hapa imeandikwa huna kitu. Ni kweli?"

"Ijumaa ilikuwa kweli, prezida."

Akafungua mkoba, akaweka kifurushi mezani. Harufu ikatangulia kujieleza. Sikuzani akasimulia yote: karamu, Alhamisi, matanga, msamaha aliousema mbele ya watu, na binti wa Hajji aliyefika na ndoo. Alipomaliza, Astère alikuwa ameacha kuandika.

Ildephonse alikuwa ameumia kweli; ilionekana usoni. "Madamu, sasa kwa nini umetuletea hii? Dosiye yako, hizi karatasi, ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri sana. Lakini remise ni ya mwenye hana kitu, na wewe sasa una kitu. Siwezi kukuapisha."

Alijua kwamba atasikia maneno hayo, na bado yalimpiga. Nyumba ilikwenda mbele ya macho yake, chumba baada ya chumba. Alishika ukingo wa meza.

"Prezida, musinifutie," akasema. "Mi nilimusamehe mutu amekufa, nikajiona nimefanya kitu kikubwa. Kumbe yeye hakutaka. Alitaka kulipa. Na mi pia nimekuwa mulipaji maisha yangu yote, mpaka ile siku nyinyi na chefu mukaniandika sina kitu. Sasa chukueni laki tatu, ile mulinipa. Laki moja muniachie ninunue sufuria, nirudie kazi yangu. Ile inabaki muniandikie, nitalipa kidogo kidogo. Ila nyumba musiuze. Nawaomba, musiuze nyumba."

Sauti ilimkatika mwishoni, na hakuficha.

Komite ilipaswa kumtoa nje ijadiliane, lakini Scholastique alikuwa amekwisha kuanza. "Tangu tuanze kukaa hapa, kila mutu anaingia na karatasi," akasema. "Leo mutu ameingia na pesa, nasi tunamufukuza?"

"Hatumfukuzi, mama Scholastique. Ni sheria."

"Si uko nayo hapo? Soma vizuri."

Ildephonse akavaa miwani, akafungua kijitabu cha sheria za koperative, kidole chake kikipita juu ya karatasi. Alisoma kifungu kimoja kimoja, akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akainua kichwa, na alikuwa na uso wa mtu aliyepata ufunguo uliopotea mfukoni mwake mwenyewe.

"Deni yote hatuwezi kufuta," akasema taratibu. "Lakini mwanachama akirudisha mtaji wote kwa mara moja, komite ina ruhusa ya kumwondolea riba na faini. Hakuna mtu amewahi kuomba hivyo. Hakuna mtu alikuwa na mtaji." Akawatazama wenzake. Astère akatikisa kichwa kukubali, Scholastique hakungoja hata kuulizwa. "Basi, madamu, laki tatu tunapokea. Hiyo nyingine yote imeisha. Na karatasi ya parseli yako unarudi nayo nyumbani leo."

Astère akahesabu noti, uso ameugeuzia dirishani kwa sababu ya dagaa. Sanduku likafunguliwa. Sikuzani akapewa karatasi ya nyumba yake, imekuwa ya manjano pembeni, na jina la mumewe bado linasomeka. Alitaka kushukuru lakini machozi yalimtangulia. Akajifuta na ncha ya kilemba, wanja ukaenda kila upande.

"Na kwa ile laki moja imebaki," Scholastique akauliza, "unapata sufuria ngapi?"

"Moja kubwa. Labda na ndogo moja."

"Sufuria moja itapikia nani? Mutoto wangu anaoa mwezi wa nane. Nilianza kufikiri nitawapa wageni Fanta na biskuti, kama kwa batizo ya maskini." Akamgeukia Ildephonse. "Prezida, tumukopeshe. Laki mbili ya masufuria na sahani. Rehani iwe masufuria yenyewe, nyumba tusiiguse."

"Mama Scholastique, vita haijaisha. Juzi usiku kule Gihosha tulilala chini ya vitanda."

"Na harusi nazo zimeisha? Watoto wanataka kuoana, prezida. Watakula wapi?"

Ildephonse alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatazama nje, kwenye mtaa uliokuwa na vumbi na watu wanaopita na mizigo yao. "Miezi kumi na nane," akasema mwishowe, na akachukua kalamu. "Utaweza, madamu?"

"Nitaweza."

Akatoka nje. Jua lilikuwa kali, akasimama kwanza kuzoea mwanga, karatasi ya parseli kifuani, na mkononi hati ya mkopo ambayo wino wake haujakauka vizuri. Miaka minane pale Buyenzi watu walinunua na kuuza kwa pesa mkononi, hata chumvi, hata kiberiti. Muuza duka aliyekujua tangu utotoni alikuwa akikwambia lipa sasa, wala hukumlaumu, kwa sababu wewe mwenyewe ungemwambia vilevile. Nani alikuwa na uhakika kwamba mwenzake atafika mwisho wa wiki? Sikuzani aliitazama ile hati, akaitazama tena.

Mzee Télesphore alikuwa amesimama kando ya benchi, tayari kuingia, karatasi yake mikononi. Aliyaona machozi na wanja uliomwagika mashavuni, akaogopa.

"Mama, wamekusamehe?"

"Apana, muzee. Wamenikopesha."

"Eh! Pole, mama. Pole sana."

"Usinipe pole," Sikuzani akamwambia, na alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Miezi kumi na nane, muzee. Kumbe kuna watu wanaamini nitakuwa hai."